Matanga ya Afisa wa Kifaransa

Baba yangu aligombana na madereva wa mabasi wa Louisville, Marekani, tangu wiki ya kwanza. Kila tulipopanda alisimama pale mbele, kofia mkononi, akawaeleza kwamba jina la mji wao wanalitamka vibaya. "Ni Lui," alisema kwa Kifaransa chake cha shule ya mapadri. "Lui, mfalme wa Ufaransa. Donc, Luivil." Dereva alimwonyesha kiti kwa kidole. Mimi nilikuwa nimeshakaa nyuma kabisa, nimegeukia dirisha, najifanya huyo mzee simjui.

Tulitoka kambi ya wakimbizi Tanzania tukiwa wanne: baba, mimi, binti yangu wa miaka mitatu, na mume wangu, ambaye nitamtaja hapa mara moja tu ili nisiulizwe. Tulipohamia Columbus alipata mke mwingine, akabaki huko. Mama alikuwa amefia kambini. Louisville tulimkuta baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, na kanisa lililojaa watu wa kwetu Kongo, wa Uvira na Fizi, na miezi ile ya mwanzo tulidhani tumefika kwetu.

Baba alikuwa amewahi kuwa mkubwa. Enzi za Zaire alikuwa chef de poste kando ya Ziwa Tanganyika, mtu wa serikali, mwenye sare ya kaki na kofia ya nembo. Aliamua kesi za mipaka ya mashamba. Aliandika ripoti ndefu kwa wakubwa ambao hawakumjibu. Vita vilipofika, alikuta serikali imeshakimbia bila kumwambia. Sisi tulikimbia baada ya serikali. Babu, baba yake baba, alikuwa hawezi tena kutembea, akasema tumwache, tukamwacha na maji na unga. Tulisikia kambini kwamba amekufa. Hatukusikia kama amezikwa, wala na nani. Matanga hayakukaliwa, kwa sababu kambini siku hizo kila hema lilikuwa na kifo chake, na wahenga wasema kifo cha wengi harusi. Mimi sijawahi kuiona hiyo harusi.

Bibi wa ofisi ya wakimbizi alimuuliza baba anajua kazi gani. Alijibu: Kifaransa, na utawala. Wakampeleka kukunja mashuka ya hoteli. Mgongo ulimshinda baada ya muda mfupi, na tangu hapo kazi yake ikawa kukaa. Alikaa Louisville, kisha alikaa Columbus, kule Reynoldsburg, katika majengo ya kupanga ambako shangazi, dada yake, aliishi ngazi ya pili kutoka kwetu. Mimi nilikuwa nafunga maboksi ghalani. Ndoa ilipovunjika nikasikia kwamba Buffalo nyumba si ghali na kiwanda cha madirisha kinachukua wanawake. Baba sikumuuliza. Nilimpakia pamoja na masufuria.

Tulipanga mtaa wa Riverside, nyumba ya mbao, barabara mbili tu kutoka Mto Niagara. Ng'ambo ni Kanada. Baba aliupenda mto ule mara moja, na hilo lilinishangaza, maana hakuwa amependa kitu chochote tangu tushuke kwenye ndege. Alikwenda kuutazama kila siku, amevaa koti langu la kiwandani juu ya suti yake.

Halafu darasa la Kiingereza la wazee likawapeleka matembezi, kwenye ngome ya mawe iliyojengwa na Wafaransa zamani, pale mto unapoingia ziwani. Baba alirudi jioni ile amebadilika uso. Alikula akiwa amesimama. "Mama," aliniambia, kwa kuwa nina jina la mama yake ndivyo alivyoniita siku zote, "hawa watu wanatudanganyaka. Wafaransa walikuwaka hapa mbele yao! Hapa, na kule Columbus, na kule Luivil. Muto yote. Iko yao." Binti yangu alimwambia kwa Kiingereza kwamba mto si wa mtu. Baba hakuelewa, akampapasa kichwa.

Maktaba ikamtafutia kitabu cha Kifaransa, kikubwa, chenye picha za kuchora, na humo ndimo alimokutana na afisa wake. Nitamwita afisa tu. Jina lake baba alilitamka kwa heshima nyingi mno hata nikakataa kulishika.

Alizaliwa upande ule wa Kanada, baba yake pia afisa, kwa hiyo alikuwa Mfaransa ambaye hajaiona Ufaransa. Akiwa mdogo baba yake alimwacha akae na wenyeji wa huku, watu wa misitu ya Niagara, akakua anaongea lugha yao kama wao. Alipopewa upanga na sare akawa mtu wa katikati: mfalme akitaka neno lifike kwa wenyeji, linapita kwake, wenyeji wakitaka baruti na blanketi, wanapita kwake. Alitoa zawadi, akasuluhisha ugomvi, akaandika ripoti kwa wakubwa. Hapo baba aliposoma alipiga goti lake kwa kofi. "Na hawakumujibu!" alisema.

Baadaye wakamtuma pamoja na wenzake kuteremka na mitumbwi mpaka Mto Ohio, na kwenye midomo ya mito walizika mabamba ya madini ya risasi, yaliyochorwa maneno kwamba nchi hii yote ni ya mfalme wa Ufaransa. Niliposikia hilo nilicheka vibaya. Wanafukia bamba ardhini, wenye nchi wamesimama wanatazama, halafu nchi inakuwa yao! Baba hakucheka. Aliendelea kunisomea kila nikitoka kazini, akitafsiri, mimi nikiosha vyombo. Waingereza wakaja. Vita. Ngome ikazingirwa, ukuta ukatobolewa, afisa akasalimu amri, akapelekwa mateka. Alipoachiliwa mfalme alikuwa ameshaitoa nchi yote kwa mkataba, kalamu moja. Wakamrudisha "nyumbani", Ufaransa, mahali ambapo hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Kule wakamuuliza mbona mlipoteza koloni. Alikaa katika mji mdogo wa pwani bila cheo, bila mtu wa kuongea naye ile lugha yake ya misituni, akafa. Kaburi lake halijulikani.

"Alikufaka peke yake," baba alisema. "Hakuna mutu alimuliliaka."

Nilichoka. Nilikuwa nimesimama kiwandani tangu alfajiri, na mkoloni huyu alikuwa amekaa jikoni kwangu wiki nyingi. Nikamgeukia. "Baba, ule ni mukoloni. Babu yako walimupigaka fimbo juu ya pamba ya lazima, wewe mwenyewe ulitwambiaka. Watu kama huyu!"

"Najua."

"Sasa unamulilia nini?"

Alifunga kitabu. "Mimi pia nilipigishaka watu fimbo," alisema. "Nilikuwa chef de poste. Unafikiri walikuwa wanalipa kodi juu ya kicheko yangu?" Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwake hata kambini, tulipokuwa tunazika kila wiki. "Mama, mi sina woga ya kufa. Nina woga ya kufa kama ule mutu. Siku yangu ikifika, watu wajae. Wakose mahali ya kukaa. Voilà. Sitaki kingine."

Nilimwambia watajaa. Nilisema kwa haraka, kama unavyomjibu mtoto, lakini niliamini. Watu wetu kwa msiba hawana mchezo. Mtu akifa Louisville, Columbus inaacha kazi, Buffalo inaacha kazi, magari yanajaa wanawake na masufuria, na kabla bosi hajajua wafanyakazi wake wako wapi, wao wako mikekani wanalia. Na kuna adabu yake. Ukisikia kuna matanga, huulizi kwa simu aliyekufa ni nani. Kuuliza ni kama kupima kwanza kama huyo marehemu anastahili safari yako. Unakuja, unaingia unalia, utaambiwa hapo hapo.

Majira ya majani kuanguka mwaka ule nilifanyiwa upasuaji wa nyongo. Ukoo wote ulijua, waliniombea. Nilipona nikarudi kazini, na hilo nadhani si wote waliolijua.

Siku chache baadaye baba alituma sauti yake kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Mimi sikuifungua. Sauti za baba zilikuwa ndefu, nusu yake salamu. Baadaye nilisikiliza, nikakuta safari hii ilikuwa fupi: "Ndugu zangu, Jumamosi kuna matanga kwangu, Buffalo. Mukuje." Basi. Na simu yangu mimi haikulia hata mara moja. Nani anampigia marehemu?

Jumamosi ile nilitoka kazini mchana. Barabara yetu ilikuwa imejaa magari, namba za Kentucky kwa watu wa Louisville, za Ohio kwa watu wa Columbus. Viatu vilikuwa vimerundikana ngazini mpaka kwenye majani. Nilisikia kilio kabla sijazima gari, kile kilio chetu chenyewe, mmoja anaita na wengi wanaitikia. Nilijua baba amekufa. Nilikimbia nikaingia nikipiga yowe, na pale sebuleni shangazi, aliyekuwa amekaa chini amefunga kitenge kiunoni, aliinua macho akaniona. Alianguka chali. Wanawake wakakimbilia ukutani. Mmoja alitaja jina la Yesu mara nyingi. Binti yangu alikuwa katikati yao, mtu amemfunika kichwa kwa khanga. Walikuwa wanamlilia yatima. Ndipo nikamwona baba, mzima, amekaa kwenye kiti cha mfiwa, amevaa suti. Pembeni yake meza ndogo yenye kitambaa cheupe na maua, kama inavyowekwa, na mahali pa picha ya marehemu palikuwa na karatasi iliyotolewa nakala maktaba: mchoro wa ngome ya mawe.

Kilio kilikatika. Wengine walikuja kunishika mikono, wakanibana, waone kama ni nyama. Shangazi alilia upya, safari hii kwa furaha, na kwa dakika chache nyumba ilikuwa nzuri. Hata nikacheka. Nilidhani ni kosa la simu, tutakula, tutalala, kesho watarudi.

Baba akasimama. Alikuwa akingoja watu watimie, kwa sababu kwetu watu wakitimia ndipo historia ya marehemu inasomwa. Akaanza kuisoma. Marehemu alizaliwa upande wa Kanada, mtoto wa afisa. Marehemu alilelewa na wenyeji. Marehemu alitumikia kwenye mito. Watu walimsikiliza kwa heshima, vichwa chini, kila mmoja akingoja ukoo wetu uingie mahali fulani katika hadithi ile. Haukuingia. Alipofika kwenye mabamba ya risasi baba mdogo, aliyeendesha gari kutoka Louisville bila kulala, aliinua mkono.

"Kaka. Huyu ni nani yetu?"

"Si mutu yetu," baba alisema. "Ni mufaransa. Alikufaka zamani sana. Hakuna mutu alimuliliaka."

 Mtoto mchanga alikuwa ananyonya, tukamsikia. Baba akaona hawajaelewa, akajaribu kueleza, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, mikono yake ilivyokuwa inatafuta. "Bon. Mimi na wewe hatukuliaka baba yetu," alimwambia mdogo wake. "Tulimuacha na maji. Miaka yote nataka kumulilia, naogopa, sijui nianzie wapi. Donc nikasema nianze na mutu ya mbali. Nione kama machozi ingali. Kiisha tufike kwa baba."

Ningekuwa mimi baba mdogo, sijui ningefanya nini. Mtu yule alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa kusema binti wa kaka yake amekufa. Alikuwa na macho mekundu ya njiani, na msiba aliokuwa ameubeba kwa ajili yangu haukuwa na pa kuwekwa. Ukageuka hasira.

"Unamuweka baba yetu nyuma ya mukoloni?" alisema. Kwanza aliongea polepole. "Kwa foleni? Muzungu aliliwe kwanza, kiisha baba yetu, kama tutapata nafasi?" Halafu alipiga kelele, na akasema maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake mbele ya watu, kuhusu kofia ya nembo, na nani alipigishwa fimbo, na nani alimwacha mzee na maji. Baba alikaa. 

Lakini aliyeimaliza siku ile ni shangazi. Chakula kilikuwa tayari, wanawake walikuwa wamekuja na wali, maharage, sombe ya majani ya muhogo, samaki, masufuria yameenea jikoni mpaka sakafuni. Mtu alitaka kupakua. Shangazi alimzuia. Matanga bila maiti, alisema, ni kukiita kifo kwa jina. Atakayekula hapa amekipa mkono. "Lisemwalo lipo," alimwambia kaka yake akiwa anavaa viatu, "kama halipo laja." Walikuwa ni watu wa kanisa, waliookoka, wanaokemea uchawi kila Jumapili. Hakuna aliyekula hata punje. Waliondoka na njaa, safari ya siku nzima mbele yao, na masufuria wakayaacha, hawakutaka hata kuyagusa.

Mimi na baba tulimwaga chakula kile kwenye mifuko myeusi. Nilikuwa na hasira nisiweze kumtazama. Yeye alikuwa anafunga mifuko vizuri, fundo juu ya fundo.

Baada ya hapo sauti zake kwenye kundi hazikujibiwa, kisha kundi lenyewe likanyamaza, na nikaambiwa na mtu kwamba wamefungua lingine. Kanisani kwetu hapa Buffalo mchungaji alimtaka atubu mbele ya watu. Baba aliuliza atubu dhambi gani, kulia? Wakampa mtu mwingine nafasi yake ya mzee wa kanisa. Alimpigia mdogo wake kila Jumapili, simu ikaita mpaka ikakatika. Alirudisha kitabu maktaba bila mimi kumwambia. Hakwenda tena mtoni. Nilimwambia awaombe radhi tu, yataisha, mavi ya kale hayanuki. Aliniambia, "Mama, mi najua watu yetu," na ndivyo ilivyokuwa, alitujua.

Majira ya baridi moyo ulimsumbua, wakamlaza, akafa mchana mmoja mimi nikiwa naegesha gari chini ya hospitali. Nilimpigia baba mdogo kwanza.  Akaniuliza kama nimemwona kwa macho yangu. Nikasema nimemwona. Akaniuliza kama daktari ameandika. Nikamwambia ndiyo, baba. Akasema atawaambia watu. Shangazi hakushika simu. Mwanawe alishika, akanijibu kwa Kiingereza kwamba wanasikitika.

Wiki ile ziwa lilituma theluji na barabara kuu ya kutoka Ohio ikafungwa. Walinieleza hivyo, na theluji ilikuwapo kweli, ilifika madirishani. Mpaka leo sijui kama iliyowazuia ni theluji au ni Jumamosi ile. Nadhani wao wenyewe hawajui, na sitawauliza.

Mwenye nyumba ya mazishi, Mzungu, alikuwa amepanga viti vingi, kwa sababu nilimwambia sisi ni wengi. Tulikuwa mimi, binti yangu, mchungaji, na jirani yetu Mrundi na mke wake, watu wema, waliokaa safu ya tatu kwa kutojua kama wao ni wa karibu. Mzungu yule alinijia mara mbili, kwa upole, kuuliza kama tungoje kidogo. Mara zote mbili nilisema tungoje. Mara ya tatu hakuuliza, alisimama tu karibu na mlango.

Basi nikaenda mbele nikapiga magoti penye jeneza. "Baba yangu eee," niliita, kwa sauti ile tuliyofundishwa na mama zetu, inayoanzia tumboni. "Baba yangu eee, umeniachia nani?" Nikanyamaza, kwa sababu hapo ndipo wengine wanapoitikia. Mke wa Mrundi alijikohoza. Hakujua maneno yetu. Nikaita tena. Binti yangu alitoka kwenye kiti chake, akaja mpaka nilipokuwa, akaniwekea mkono mdomoni, mkono wa baridi wenye harufu ya sabuni ya shule, na kwa Kiingereza akaniomba tafadhali nisipige kelele, yule bwana anatuangalia.